Nyumba ya Tippu Tip na Wale Waliobeba Pembe

Jina la Tippu Tip si geni kwetu watu wa Ituri. Tulilisoma shuleni katika historia, pamoja na majina ya Stanley na mfalme Leopold II. Lakini wachache wetu wamepata kuiona nyumba aliyokaa mtu huyo. Mimi niliiona katika likizo yangu, baada ya Pasaka. Napenda kuwasimulia habari zake, kwa sababu nyumba ile inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wageni wengi wanaokwenda kuipiga picha.

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Huchukua mizigo katika bandari ya Dar es Salaam na kuileta mpaka Bunia. Ndiye aliyeniita. "Shemeji," aliniambia, "kila mwaka unawafundisha watoto habari za nchi za mbali. Njoo basi uione bahari." Nikapita Mahagi, nikaingia Uganda, nikapanda basi Kampala, hata nikafika Dar es Salaam miguu imevimba kwa kukaa. Siku ya tatu tukavuka kwenda Unguja. Kwa meli za siku hizi ni mwendo wa saa mbili hivi.

Sehemu ya kale ya mji ule inaitwa Mji Mkongwe. Tangu mwaka 2000 umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba, na nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikishikwa na boriti za mikoko. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza ya kukalia, na jioni wazee huketi hapo wakinywa kahawa. Tulipata kijana mmoja, kazi yake kuwaongoza wageni, tukapatana naye bei, akatupeleka mtaa wa Shangani.

Nyumba ya Tippu Tip haikuwa makumbusho. Ilikuwa nyumba iliyokaliwa na watu. Tulikuta nguo zimeanikwa na watoto wanacheza. Ukuta umebanduka chokaa mahali pengi. Lakini mlango! Ni mlango mkubwa wa mbao, umechorwa kwa patasi tangu juu hata chini, na mbele yake kuna ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Yule kijana alitueleza kwamba katika milango ya Unguja kila mchoro una maana yake. Mnyororo ukizunguka pembeni, wengine husema ni ulinzi wa nyumba, wengine husema ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa.

Kisha akatuambia habari za mwenyewe. Jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja na akafa hapo mjini mwaka 1905. Jina la Tippu Tip alilipata katika safari zake. Wengine husema ni mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Imeandikwa kwamba mwisho wa safari zake alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000.

"Na mali hii yote aliipata wapi?" nikamwuliza.

"Kwa pembe za ndovu, kaka."

"Na pembe alizitoa wapi?"

"Bara," akajibu, akanyosha mkono kuelekea magharibi.

Bara! Basi hapo nilimwambia, "Ndugu yangu, bara hiyo ndiko nilikotoka mimi." Akanitazama, akacheka kwa furaha, akasema, "Ndiyo maana Kiswahili chako nilikuwa nakisikiliza tu. Nilidhani u mtu wa Burundi." Tukaketi barazani, na sasa mimi nikawa mwenye kueleza, yeye mwenye kuuliza.

Nilimweleza hivi. Katika mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alipatana na Stanley hapo hapo Unguja. Alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold II, na mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka huo huo Stanley alipita katika msitu wa Ituri akielekea Ziwa Albert. Alikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia, kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa, na watu wao wa Manyema wenye bunduki. Vijiji vingi vilikuwa vimechomwa au kuachwa tupu. Watu wa Stanley nao, kwa njaa, walichukua ndizi na mihogo ya wenyeji. Si wote wale wa msituni waliokuwa watu wa Tippu Tip, maana wengine walikuwa na mabwana wengine. Lakini biashara ilikuwa ile ile. Pembe zilibebwa mabegani kwa watu, kijiji kwa kijiji, mto kwa mto, mpaka Manyema, kisha zikavuka Ziwa Tanganyika, zikapita Tabora, zikafika pwani. Toka Unguja nyingi zilivuka bahari hata Marekani, katika jimbo la Connecticut, huko zikakatwa kuwa vibao vya piano.

Wala tusidhani kwamba mambo yaliisha Waarabu waliposhindwa katika vita vya miaka 1892 hadi 1894. Pembe zilibadili njia tu. Zilishuka mto Kongo, zikaenda kuuzwa Antwerp, na wapagazi walikuwa wale wale.

Tulipokuwa tukizungumza, bibi mmoja alitoka ndani na ndoo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Karibuni." Alituambia kwamba aliingia nyumba ile akiwa msichana mdogo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wazazi wake walipewa vyumba humo, pamoja na jamaa nyingine. Wageni huja kuusifu mlango, alisema, lakini paa likivuja hakuna anayeliuliza. Kisha akaniuliza, "Na wewe watoka wapi?" Nikamjibu, "Kongo, bibi, upande wa Bunia." Akatua ndoo chini. "Huko kuna amani sasa?"

Nilimwambia ukweli. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vimerudi katika Djugu na sehemu nyingine za Ituri. Watu wengi wamekimbia vijiji vyao, wakaja Bunia kukaa katika vibanda vya turubai. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Poleni sana. Mungu awape subira." Nami nikamjibu, "Aksanti, bibi."

Wasomaji wapenzi, fikirini jambo hilo. Bibi wa Unguja na mtu wa Bunia wameketi penye mlango wa Tippu Tip, wanapeana pole, wala hawahitaji mkalimani. Lugha hiyo ilifikaje Ituri? Ilifika na misafara ile ile. Waliokuja nayo waliitwa Wangwana, na ndiyo maana Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Sisi husema mayi, wao husema maji, lakini tunaelewana. Lugha ilikuja pamoja na bunduki na mnyororo. Wazee wetu waliikataa minyororo, lugha wakaishika. Leo Mhema na Mlendu, Mbira na Mualur na Munande, wakikutana katika soko la Bunia, husemezana kwa hiyo. Wakiketi kupatanishwa, husemezana kwa hiyo. Kwa hiyo nawafundisha watoto sala. Basi mtu asimdharau jirani yake akisema babu yake alikuwa Mungwana. Babu yake alileta bunduki, labda, lakini pia alileta neno ambalo sisi leo tunalitumia kuombana msamaha.

Jambo jingine nililolifikiri melini wakati wa kurudi ni hili. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode alizitoa katika kitabu huko Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Watu wenye elimu wanakisoma hata leo. Kwa hiyo huyu ana nyumba, ana mlango, ana kitabu. Lakini yule aliyebeba pembe kutoka kando ya mto Ituri ana nini? Hana hata jina. Yule kijana wa Shangani si mtu mbaya. Alisema "bara" kwa sababu hilo ndilo aliloambiwa. Nani atamwambia zaidi, ikiwa sisi wenyewe hatukuandika?

Tusiseme kwamba mambo hayo ni ya zamani mno. Wazee wengi wa Mambasa, Irumu na Djugu walisikia habari kwa babu zao: kijiji kilihamia wapi, nani alichukuliwa, nani alijificha, nani alirudi. Tena leo katika vibanda vya Bunia wako wazee waliokimbia bila kitu mkononi, nyumba zao zimechomwa, na kumbukumbu ndiyo mali pekee waliyobaki nayo. Mzee mmoja akizikwa, mlango mmoja umefungwa, nao haufunguki tena.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, wakatekista, na ninyi vijana mliosoma: nunueni daftari. Si ghali. Jumapili alasiri nendeni kwa mzee mmoja, mumwamkie vizuri, mumpelekee sukari kidogo. Mwulizeni jina la kijiji chake, jina la babu yake, na lile alilosikia juu ya watu wa pembe. Andikeni kama anavyosema, bila kupamba, mwandike na tarehe ya siku hiyo. Andikeni kwa Kiswahili, ili hata mtu wa Shangani aweze kusoma.