Nyumba ya Wengi, Jina la Mmoja

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Shinyanga kwenda Tabora kuwakagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo. Ni safari ya karibu kilomita mia mbili kupitia Tinde na Nzega. Kazi ilipokwisha mapema, nilimwomba kijana wa bodaboda anipeleke Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo watu wa Tabora huliita kwa Livingstone.

Mzee aliyenipokea alikuwa Mnyamwezi. Nilimwamkia shikamoo, naye aliposikia natokea Shinyanga akanijibu kwa "mwangaluka", tukacheka kama ndugu. Kisha akanipitisha katika mlango wa nakshi uliobeba ufundi wa pwani, tukaingia ndani ya kuta nene za udongo ambamo jua la Unyamwezi halina nguvu. Ndani mna nakala za barua, ramani na picha. Jengo lenyewe lilikarabatiwa upya katika miaka ya 1950, baada ya lile la awali kuchakaa.

Hapakuwa hoteli hapa. Palikuwa mahali pa kufikia wageni wa misafara katika Unyanyembe, njia panda ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipumzika hapa, ukapanga upya mizigo, kisha ukagawanyika: wa Ujiji wakaelekea magharibi, wa Usukuma na ziwa kubwa wakaelekea kaskazini. Stanley alifikia hapa mwaka 1871 akakuta vita vya Mirambo vimefunga njia. Februari 1872 alirudi akiwa na Livingstone, akaondoka mwezi Machi, akamwacha mzee huyo akingoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti.

Hebu tulitafakari hilo, ndugu msomaji. Mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vyote vya shule alikaa miezi mitano hapa bila kusogea, kwa sababu watu wa kumbebea mizigo hawajafika. Walipofika, alisafiri. Alipofariki dunia mwaka uliofuata, ni Chuma, Susi na wenzao waliokausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakipitia hapa hapa Unyanyembe. Uingereza ikamzika London kwa heshima zote mwezi Aprili 1874.

Nilimuuliza mzee: "Na majina ya wapagazi wetu, Wanyamwezi na Wasukuma waliolala uani hapa, yako wapi?" Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, hayo uliza kwenu. Kila ukoo ulikuwa na wake."

Jibu hilo lilinichoma, nami nina sababu.

Babu yangu mzaa baba alitoka Shinyanga kwa miguu, akaenda kutafuta kazi katika mgodi wa Geita wakati wa mkoloni. Alijenga nyumba ya udongo yenye chumba kirefu upande mmoja, na kila kijana aliyetoka kwetu kutafuta kibarua alilala humo hadi apate kazi. Bibi aliwapikia ugali. Hakuna aliyelipa, aliyepata mshahara alileta sukari. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 babu hakurudi Shinyanga. Aliendelea kulima hapo, na kwenye kigingi cha ukutani alitundika taa yake ya kabaidi na kibati chenye namba yake ya kazi.

Uchimbaji mkubwa uliporudi Geita mwaka 2000, ardhi ikapanda bei. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Kikao cha ukoo kikaitwa, wakasema, "Tumsikilize msomi wetu." Nikasimama, nikazungumza kwa takwimu kuhusu thamani ya kiwanja na mahitaji ya vyumba vya kulala wageni. Nyumba ikabomolewa. Leo pale pana gesti ya vyumba kumi na viwili, na inaleta pesa. Sitadai kuwa ukoo ulipata hasara. Taa na kibati viliondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Namba iliyoandikwa juu ya kibati kile siikumbuki, ingawa niliisoma mara nyingi nikiwa mtoto.

Kwa hiyo nilipokuwa nikilalamika moyoni kwamba Kwihara inamkumbuka mgeni na kuwasahau wenyeji, sikuwa na haki ya kumnyooshea mtu kidole. Wageni walituzidi kwa jambo moja rahisi: waliandika, na walichoandika wakakitunza. Almasi ya waridi iliyotoka Mwadui ilipelekwa Uingereza mwaka 1947 kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme, na historia yake inajulikana hadi uzito wa karati zake. Wachimbaji waliokuwa Mwadui mwaka huo tunawafahamu wangapi?

Sisemi kila nyumba ya udongo igeuzwe makumbusho. Vijana wanahitaji ajira na wazee wanahitaji bima ya afya. Lakini Bujora, pale Kisesa, makumbusho yaliyoasisiwa na Padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe, yanatuonyesha kwamba jamii inaweza kutunza ngoma zake na viti vya watemi wake. Kwa nini ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, ushindwe kutunza hata chumba kimoja cha mchimbaji, na taa yake, na orodha ya majina?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumewapokea wengi, lakini kupona kwetu kutatokana na sisi wenyewe. Niliporudi Shinyanga nilikwenda kwa shangazi, mtoto pekee wa babu aliye hai, nikiwa na daftari. Nilimwomba anitajie waliolala katika chumba kile kirefu. Kufikia magharibi tulikuwa na majina thelathini na moja. Akaniambia nirudi Jumapili, maana kuna wengine anawaona sura lakini majina hayajamjia.