Miaka ya Juliana

Nilipoanza kazi ya uuguzi mwaka 1986, katika hospitali ya kanisa mkoani Kagera, chuoni hatukuwa tumefundishwa chochote juu ya ugonjwa niliokuta umejaza wodi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huku kwetu mwaka 1983. Vijijini waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyovushwa mpakani na wafanyabiashara wa magendo, baada ya vita na Uganda vya 1978 na 1979 kutuachia maduka matupu. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima mjini Bukoba, ikaonekana karibu mmoja kati ya wanne ana virusi. Mimi niliwalaza watu niliosoma nao shule ya msingi, nikawafunika shuka usoni mmoja baada ya mwingine.

Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwepo. Tulikuwa na maji, sabuni, uji na mikono. Mgonjwa aliletwa mdomo umejaa utando mweupe, hata mate hayamezeki. Nilizungusha pamba kwenye kijiti, nikaichovya katika dawa ya zambarau ya kutibu utando huo, nikampaka taratibu: ulimi, mashavu kwa ndani, kaakaa, tena ulimi. Ikifika jioni midomo ya wodi nzima ilikuwa ya rangi moja. Baada ya siku chache aliweza kunywa uji kwa kijiko, na kwa mtu aliyeshinda njaa wiki nzima huku chakula kipo pembeni, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mipira ya kutandika vitandani ilipokwisha, ndugu walikata majani ya migomba, wakayababua motoni hadi yakalainika, tukawalaza juu yake wenye vidonda vya mgongoni. Yalikuwa na ubaridi, hayagandi kwenye ngozi. Zamu ya usiku tulikuwa wawili, tunageuza wagonjwa, tunabadilisha shuka, tunaanza upya.

Nililelewa katika nyumba ya walokole. Kwenye ushirika mtu alisimama, akasema Bwana asifiwe, akashuhudia jinsi alivyoshinda. Mimi nilifika mahali sina cha kushuhudia. Nilikwenda kwenye sala ya asubuhi kwa sababu kengele imelia na wenzangu wanakwenda. Midomo iliimba, moyo ulikuwa mkavu. Niliona haya mbele za Mungu, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu hana la kusema.

Asubuhi moja mchungaji wa hospitali alifungua Zaburi ya 88, akaisoma yote. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikisomwa kanisani. Zaburi nyingi za malalamiko hugeuka mwishoni, mwenye kulia akaanza kusifu. Hii haigeuki, inaishia gizani ilimoanzia. Mchungaji hakuongeza neno. Alifunga Biblia, akasema tuombe, tukatoka kwenda wodini. Siku nzima nililiwaza jambo hilo: kwamba kanisa limeitunza sala hiyo karne na karne bila kuirekebisha, na kumbe mwenye kulalamika hivyo bado anazungumza na Mungu, hajaondoka. Tangu hapo niliomba kwa ukweli. Nilimwambia Mungu wodini, katikati ya kazi, kwamba nimechoka, kwamba huyu binti ana mtoto wa kunyonyesha, kwamba simwelewi Yeye. Uchovu haukuondoka. Kilichoondoka ni ule upweke, na nikagundua kwamba upweke ndio uliokuwa unanimaliza.

Mwaka 1994, wakati macho ya dunia yalikuwa Ngara kwa wakimbizi waliokuwa wakimiminika kutoka Rwanda, mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka Mwanza. Nilipomwona anashuka kwenye basi nilijua. Nilimuuguza mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha tulimzika kwenye kibanja cha baba, kati ya migomba. Siku ya maziko mhubiri mmoja aliyealikwa alisimama akahubiri mshahara wa dhambi, jeneza likiwa mbele yake. Mama yangu aliinamisha kichwa. Yalipokwisha nilimfuata yule mtu nikamwambia akasome upya Yohana sura ya 9, mahali ambapo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Yesu anawakatalia swali lenyewe. Hakujibu kitu. Mpaka leo naamini mahubiri ya namna ile yaliua watu wetu, kwa maana yaliwafanya wajifiche hadi siku za mwisho.

Mdogo wangu aliacha watoto watatu. Mshahara wangu haukutosha watoto wangu na wao, hata kwa kuongeza kahawa ya baba. Hapo ndipo alipokuja mama mmoja wa ushirika wetu, mjane aliyekwisha kuzika wanawe wawili. Kila wiki alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua jikoni, akavua kanga ya mabegani, akaketi akaanza kumenya. Hakuniambia nivumilie, wala kwamba Mungu ana makusudi. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku walizomfaa. Mama huyu alinifaa mwaka baada ya mwaka. Nikisema imani ilinishika, naisema pamoja na mikono yake.

Oktoba 2004 mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza, nazo zikatufikia. Watu waliokuwa wameagwa waliamka, wakarudi kulima. Nilimwona mama mmoja, aliyekuwa akigeuzwa kitandani, akitembea kuja kuchukua dozi yake huku amebeba mtoto mgongoni. Nilikwenda chumba cha vifaa nikalia kwa furaha, na pia kwa ajili ya wote waliotangulia.

Nimestaafu tangu 2022, lakini Jumatano naenda kliniki kuwasaidia wauguzi kwa vijana waliozaliwa na virusi. Wamechoka na vidonge, nami siwalaumu. Ila wapo wanaoambiwa kwenye mikutano ya maombi kwamba wamepona, waache dawa. Karibuni alikuja kijana mmoja, kichupa chake kimejaa, akaniambia kumeza dawa ni kukosa imani.

“Mwanangu,” nikamwambia, “dawa hii niliiomba kwa Mungu kabla hujazaliwa, nimepiga magoti kando ya vitanda vya walioikosa. Yeye amejibu. Jibu lenyewe ndilo hilo umelishika.”

Aliomba maji. Alimeza mbele yangu, nasi tukampangia tarehe ya kipimo cha wingi wa virusi, mwezi wa tatu.