Turbo, kabureta na paipu moja ndogo

Leo tuache seva kidogo tuingie chini ya boneti. Rafiki yangu anafunga turbo kwenye Datsun 1200, turbo yenyewe ikipuliza hewa ndani ya kabureta ile ile ya zamani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa programu ameniachia kazi ya cheche.

Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa. Distribyuta ya kawaida ina vipande vya chuma na springi vinavyowahisha cheche kasi ikipanda, na kiwambo kinachoiwahisha zaidi usipokanyaga mafuta sana. Vyote viwili havijui habari za turbo. Turbo ikisukuma, mchanganyiko unajazana na kuungua haraka zaidi. Cheche ikiwahi vile vile, sehemu ambayo haijaungua hujilipukia yenyewe. Ndiyo ile injini kugonga, na pistoni hupasuka hivyo.

Chevrolet walilishughulikia mwaka wa 1962: Corvair ya turbo ilikuwa na kiwambo kinachochelewesha cheche shinikizo likipanda. Safi sana, ila kiwambo na springi hukupa mstari mmoja tu. Sisi tunatumia jedwali: kasi upande mmoja, shinikizo upande wa pili, digrii katikati. Wengi huanza kwa kupunguza digrii 1 kwa kila psi 1 ya turbo, kisha hurekebisha. Hesabu si ngumu. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika digrii moja ni kama mikrosekunde 28, na hata chipu ya bei rahisi inaweza.

Kinachoninyima usingizi ni paipu ya kihisi cha shinikizo. Plagi zinawashwa na moduli ya EDIS ya Ford. Hiyo ikikosa ishara ya kompyuta hurudi digrii 10 na gari linajikokota hadi nyumbani. Lakini paipu ikichomoka, kihisi hakifi! Kinasoma hewa ya nje, ambayo hapa Nairobi ni kama kilopaskali 83. Programu inaona namba halali kabisa, inadhani gari linakwenda taratibu, inawahisha cheche huku manifoldi ina 150.

Kwa hivyo nimetaka kihisi cha pili, kabla ya kabureta, na paipu yake peke yake. Ufunguo ukiwashwa, kabla injini haijanguruma, programu inapima hewa ya mahali hapo (Mombasa ni karibu 101, kwa hivyo huwezi kuandika namba moja ukaisahau). Kihisi cha pili kikizidi kipimo hicho kwa 10, jedwali linasomwa kwa namba kubwa kati ya hizo mbili. Ukiachia mafuta ghafla, cheche itachelewa kwa muda mfupi bila sababu. Sawa tu.

Jamaa analalamikia bei ya kihisi cha pili. Bei ya pistoni nne nimemwachia aulizie mwenyewe Kirinyaga Road.