Majina ya Kina Kukhu Katika Vitabu vya Mukumu

Nilipokuwa mtoto huku Idakho, nasaba ya ukoo ilitajwa matangani. Siku ya mazishi mzee mmoja alisimama mbele ya waombolezaji, mkongojo mkononi, akaanza na marehemu akipanda juu: huyu ni mwana wa fulani, fulani naye ni mwana wa fulani, mpaka amfikie yule aliyewavusha watu wetu mto Yala. Hakuwa na karatasi. Akiruka jina moja, wazee wenzake walimkatiza papo hapo naye akarudi nyuma.

Majina yote hayo yalikuwa ya wanaume. Wanawake walitajwa kwa koo walizotoka tu. Mzee angesema, "Mama yake alitoka kwa Abashimuli," kisha akaendelea. Kulikuwa na sababu yake, nami naiheshimu: kwetu kijana haoi ukoo wa baba yake, wala wa mama yake, wala wa bibi zake. Koo za kina mama zilipaswa kukumbukwa ili watoto wasije wakaoana na damu yao. Majina yao hayakuwa na kazi hiyo, basi yakazikwa pamoja nao.

Hali ilikuwa hivyo hadi tulipomzika baba na kesi ya mirathi ikaanza. Kama nyumba nyingi za Kakamega, tulikuta shamba bado liko kwa jina la babu, jinsi lilivyoandikishwa mara ya kwanza wakati wa upimaji wa ardhi. Ili ligawanywe, ilibidi kwanza tuthibitishe kwamba babu amekufa na wanawe ni akina nani. Barua ya chifu tuliipata, kwa maana liguru wa kijiji alilijua kaburi. Cheti cha kifo hakikuwepo. Babu alifariki katika miaka ya 1960, na kuandikisha vizazi na vifo vya Waafrika kulikuja kuwa lazima Kenya nzima mwaka 1971. Wazungu na Wahindi waliandikishwa tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni. Sisi tuliachiwa kuhesabu miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa vita, na ndiyo sababu vitambulisho vya wazee wetu wengi vina mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi.

Senje yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyesema twende parokiani. "Babu yako alibatizwa Mukumu," aliniambia. "Mapadre wale waliandika kila kitu."

Misheni ya Mukumu ilianzishwa mwaka 1906 na Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililozaliwa London ambalo mapadre wake walitoka Uholanzi, Uingereza, Ayalandi na Tirol. Waliandika kwa Kilatini, kama Kanisa lilivyotaka. Karani wa parokia alikitoa kitabu kabatini, akakilaza mezani na kukifungua yeye mwenyewe, maana mgeni haruhusiwi kukishika. Wino umekuwa wa rangi ya kahawia, na kingo za kurasa zimeliwa kidogo na mchwa. Kila mtu ana mstari wake: namba, tarehe ya ubatizo, jina la Kikristo, jina la kwao, umri wa kukadiria, baba, mama, kijiji, msimamizi, na sahihi ya padre. Pembeni imeachwa nafasi kwa yatakayofuata. Tangu Papa Pio wa 10 alipotoa amri ya ndoa mwaka 1907, kila ndoa lazima irudishwe na kuandikwa kwenye mstari wa ubatizo wa mhusika. Kwa hiyo babu, aliyebatizwa akiwa kijana, ana maisha yake karibu yote katika upana wa kurasa mbili: kipaimara, ndoa, jina la mkewe, na kituo alichofungia ndoa.

Lakini kilichonishika mimi ni sehemu ya mama. Wazazi wa babu hawakubatizwa kamwe. Waliishi na kufa katika dini ya kwao, na padre akaweka neno la kueleza hivyo kando ya majina yao. Hata hivyo aliyaandika, kwa kuwa kitabu kiliuliza: mtoto wa nani na nani? Hapo, kwa mwandiko wa mgeni ambaye huenda alikuwa bado anajifunza lugha yetu, nililiona jina la mama yake babu. Jina lenyewe naliachia familia. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa kabla reli haijafika Kisumu, kabla Waingereza hawajaigeuza Kakamega kuwa makao ya wilaya. Hata senje, aliyelala nyumbani mwake pamoja na wajukuu wenzake, hakuwahi kulisikia, kwa maana watoto walimwita kukhu tu, yaani bibi, na mkamwana hakuthubutu kulitaja jina la mama mkwe.

Nyumbani tulikuwa tumehifadhi karatasi nyingine pia. Kipande cha babu, ambacho sheria ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kukibeba shingoni ndani ya kikebe cha chuma tangu miaka ya 1919 na 1920, senje alikiweka kwenye bati la majani ya chai. Kina alama za vidole, kabila, wilaya, waajiri na mishahara. Alifanya kazi migodini baada ya dhahabu kupatikana Kakamega mwaka 1931, na tarehe za kuanza na kuachishwa kazi zimo. Jina la mama yake silioni popote. Serikali ya mkoloni ilitaka kujua mtu huyu anafanya kazi kwa nani na akitoroka atasakwa wapi. Kadi ya shamba nayo ilitaka jina la mwenye shamba tu. Katika karatasi zote za nyumba yetu, kitabu cha ubatizo peke yake ndicho kilichojali alizaliwa na nani.

Niliposoma habari za Waayalandi wanaowatafuta mababu zao nilifahamu kwamba hatuko peke yetu. Kwao vizazi na vifo vya wote vilianza kuandikishwa mwaka 1864. Kabla ya hapo tegemeo ni vitabu vya kanisa. Juni 1922, vita vilipopiganwa katika jengo la Four Courts mjini Dublin, hifadhi ya nyaraka za taifa iliungua, na pamoja nayo karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 na vitabu vingi vya Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana, vilivyopelekwa pale vikae salama. Vitabu vya Wakatoliki vilipona kwa kuwa vilibaki parokiani. Vilipigwa picha, na mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ikaziweka picha hizo wazi kwa kila mtu bila malipo.

Nikikumbuka mchwa wa kabati lile, na mvua ya Kakamega isiyojua kiangazi, natamani vitabu vyetu navyo vipigwe picha sasa. Kuna watu watapinga, na wana haki: mistari ile ina siri za watu, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ndoa zilizobatilishwa. Basi na izuiwe ile ya miaka ya karibuni. Ya mwaka 1910 haina wa kumwaibisha, na ikipotea hakuna nakala nyumbani kwa mtu yeyote.

Upande wa mama yangu ni kazi nyingine kabisa. Wao ni Makweka wa Kaimosi, walikofika wamisionari wa Kimarekani mwaka 1902, na Makweka hawabatizi kwa maji. Huko mtu anatafuta orodha za waumini na kumbukumbu za mikutano, na barua nyingi za wamisionari ziko Richmond, Indiana.

Kesi ya mirathi ilikwisha. Jina la bibi mkuu nililiandika kwenye karatasi nikampa baba mdogo, ambaye siku hizi ndiye anayetaja nasaba matangani. Aliliangalia muda mrefu, kisha akauliza kama padre alisema ametoka ukoo gani. Padre hakusema. "Basi huyo namjua," akajibu, "ni yule wa Abashimuli." Yeye alikuwa na ukoo bila jina, na kitabu kilikuwa na jina bila ukoo.

Kwenye matanga yaliyofuata alivitaja vyote pamoja, mbele ya watu. Waombolezaji walipokuwa wakila, mama mmoja mzee wa Abashimuli alikuja tulipoketi akatusahihisha matamshi: padre alikuwa ameandika s mahali pa sh. Jina hilo bado linatumika kwao, akasema, na mjukuu wake mmoja analo. Kisha akatueleza tusichokijua, kwamba huyo kukhu alikuwa na kaka wawili waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi vita vya Wajerumani, vile vya 1914, na hawakurudi.

Hao hawamo katika vitabu vya Mukumu, kwa maana waliondoka kabla ya kubatizwa. Wabebaji mizigo waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Nimeshapata ukoo wao na kijiji chao. Nitaanzia kwenye hifadhi ya nyaraka iliyopo hapa hapa mjini Kakamega, halafu niende Nairobi.