Mji Mkongwe, wazee wanapofuata kahawa kwa miguu

ZANZIBAR. Baada ya sala ya Alasiri, jua linapopoa, wazee huanza kuonekana katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Wanatoka upande wa Darajani kwa mwendo wa pole, mkono mmoja umeshika bakora, mwingine unagusa ukuta pale njia inapoteremka. Vichochoro vingi gari haliingii, hivyo anayetaka kufika ataenda kwa miguu.

Kituo cha wengi ni Jaws Corner, ambako kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo na mazungumzo ya siasa na mpira hayaishi. Wengine husonga mbele hadi Forodhani kupunga upepo wa bahari. Njiani kuna baraza za mawe zilizojengwa pamoja na kuta za nyumba. Mzee aliyechoka hukaa, akapewa shikamoo, akaulizwa hali ya goti, kisha akainuka tena.

Hakuna anayeyaita hayo mazoezi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatimiza. Linashauri pia mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili, angalau siku tatu kwa wiki, ili wasianguke. Mwaka 2025 shirika hilo lilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao.

Mambo haya mawili hushikana. Misuli hupungua nguvu kadiri umri unavyosogea, na hupungua haraka zaidi isipotumika. Goti likiuma, mzee huacha safari ya jioni siku mbili, kisha wiki nzima. Hofu ya kuanguka humweka ndani, na kukaa ndani huzidi kumdhoofisha miguu. Barazani nako, asiyekuwepo na lake halipo.

Upande wa Ng'ambo, katika majumba ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kikwazo ni ngazi. Kina bibi wengi hawana baraza ya njiani. Wao hukutana kwa kutembeleana, harusini, kwenye maulidi na hitima. Bibi wa ghorofa ya juu akishindwa ngazi, yote hayo humpita. Wajukuu humwambia, "Pumzika bibi, nazi tutakuletea." Ni upendo, lakini nazi inapopanda juu peke yake, bibi anakosa ngazi, muuza nazi na jirani aliyekuwa akimsimamisha mlangoni.

Ndiyo maana kumwambia mzee azunguke uani hakutoshi. Atanyoosha miguu, lakini atarudi na ukimya wake. Anahitaji mahali pa kwenda na mtu anayemngoja huko.

Familia inaweza kuanza na dakika kumi, viatu visivyoteleza na mjukuu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au aliyewahi kuanguka amwone daktari kwanza. Na wenzake wa barazani wakimkosa siku mbili, mmoja aende akabishe hodi.