Usimteremshe Yona Kigarini

Kibaigwa, Juni

Mjukuu wangu Neema, mke wangu wa Houston,

Shikamoo yako imenifikia kupitia simu ya Baraka, nami nasema marahaba. Huku ni wazima. Bibi yako goti linamsumbua, mahindi tumepata kiasi, barabara imejaa malori na soko halilali. Hayo yanatosha, maana sikushika kalamu kwa ajili ya mahindi.

Nimesikia kigari cha kumsukumia mwanao Yona umekiacha. Baraka anasema baada ya yale maneno ya kwenye kundi la ukoo umeapa kwamba mwezi ujao, mtakapokwenda Orlando kwenye viwanja vya Disney, Yona atatembea kwa miguu yake kuanzia asubuhi mpaka fataki za usiku, "ili waone kwamba si kilema." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu herufi zinanikimbia. Kijana wa steshenari ataipiga picha akutumie. Nimemwonya akutumie wewe, asiirushe kwenye kundi.

Ile video niliiona. Mtoto wa miaka sita ameketi kwenye kigari pale bustani ya wanyama, miguu inaning'inia, aiskrimu mkononi. Shangazi yako wa Pandambili ndiye aliyeanza: huyo mkubwa anasukumwa ana nini? Wenzake wakamwaga vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Kufika jioni nilishapigiwa simu kutoka Mlali nikipewa pole kwamba wajina wangu amepooza.

Sasa huyo shangazi yako tunamjua. Asubuhi anawapakiza wajukuu watatu mshikaki kwenye bodaboda moja waende shule ambayo ukisimama mlangoni kwake unaliona bati lake. Yeye mwenyewe kutoka sokoni mpaka kanisani hupanda bajaji. Na ni yeye aliyewashawishi wenzake wakatae nilipotaka tuchange tununue kiwanja kabla soko la mazao halijajengwa, akasema tunatupa pesa porini. Soko likafunguliwa 2004. Leo kwenye kiwanja hicho kuna nyumba ya wageni ya ghorofa, na si yetu. Mtu wa namna hiyo ndiye unayetaka akupangie mwendo wa mtoto wako?

Na wewe pia umeniudhi kidogo. "Waone si kilema." Angekuwa kilema ungemficha? Hapa kwetu tumewaficha watoto wa namna hiyo vya kutosha, nyuma ya nyumba, mpaka majirani wakasahau kwamba wapo. Baraka amenisomea kwamba huko Disney wapo watoto wakubwa kuliko Yona ambao kigari chao hubandikwa alama na kuhesabiwa kama kiti cha magurudumu, kwa sababu ugonjwa wao hauonekani kwa macho. Mpita njia hajui. Na wa Pandambili hajui zaidi.

Nimemwuliza Baraka pale mahali pakoje. Ameniambia eneo lote ni kama kilomita za mraba 100, lina viwanja vinne vikubwa, na watu waliokwenda wanasema mtu hutembea kilomita kumi na zaidi kwa siku, juu ya saruji, Julai, joto la nyuzi thelathini na kitu lenye unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi wa pili, na alasiri mvua ya radi. Hatua yako moja kwa Yona ni mbili. Kwa hiyo wewe ukitembea kumi, mwenzako amefanya kazi ya ishirini, halafu unamwambia asimame foleni. Ameniambia pia kwamba kwenye kiwanja cha wanyama wamejenga kijiji cha Kiswahili cha kubuni, wakakiita Harambe, na wakatengeneza mibuyu ya zege. Sisi tulio na mibuyu ya Mungu hatujawahi kumtoza mtu kiingilio! Lakini hata huko Harambe, kuona simba watu wazima hupakiwa kwenye lori, wakaketi, wakasukwasukwa mpaka mwisho. Sijasikia kwamba kuna shangazi anayewaambia washuke.

Kilichonigusa zaidi ni mwaka. Pale palifunguliwa Oktoba 1971. Mwaka huohuo sisi tulikuwa tunahamishwa. Operesheni Dodoma hiyo, watu watoke kwenye maboma yaliyotawanyika, wakakae vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa kijana, na babu yako mdogo, huyu wa Mbande, alikuwa na miaka saba. Baba alikuwa na mkokoteni wa punda ambao ekseli yake aliipata kwenye chuma chakavu cha Kongwa, mabaki ya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951. Kwetu hapakuwa na mwingine mwenye mkokoteni kama ule, na baba hakuchoka kuwakumbusha watu. Tulipakia magunia ya uwele, matenga ya kuku, jiwe la kusagia, na bibi yangu ambaye vikope vilishamla macho. Juu ya magunia akakaa mdogo wangu.

Tulitoka alfajiri. Jua lilipopanda tukawa tumeungana na familia nyingine njiani, na wazee wakaanza. Dume zima limekaa na kikongwe na kuku! Huyu si ndiye tunayetarajia kumpeleka jandoni? Baba alikuwa mtu asiyestahimili kuchekwa. Hakumwuliza mama, wala mtoto mwenyewe. Akamteremsha, akampa fimbo ya kuchungia, akamwambia atangulie na wanaume. Na mtoto akafurahi! Hilo ulishike, Neema. Mtoto wa umri ule ukishamwambia kwamba yeye ni mkubwa, hatakwambia kwamba amechoka. Atanyamaza na kwenda mpaka miguu imkatae.

Adhuhuri alikuwa bado mbele. Alasiri alikuwa katikati. Jioni alikuwa nyuma, na hakuna aliyeona ni saa ngapi hakuwepo kabisa. Mama alidhani yuko na sisi vijana tuliokuwa tunaswaga mbuzi, nasi tulijua baba ameshampandisha tena mkokotenini. Tumefika giza limeingia, mizigo imeshushwa, mama akahesabu kuku, kisha akahesabu watoto.

Baba na mimi tulirudi na njia ileile, kijinga cha moto mkononi, tunaita jina, fisi wanatuitikia. Wale wazee waliocheka hakunyanyuka hata mmoja. Walikuwa wamechoka, wakalala. Alfajiri ndipo tulipomkuta, kwenye boma la watu tusiowajua, mbali na njia. Alikaa chini ya mbuyu apumzike kidogo, usingizi ukampitia, akaamka gizani, akafuata sauti ya kengele za ng'ombe. Mwenye boma alimpa maziwa akamlaza katikati ya watoto wake. Nyayo zilikuwa zimepasuka malengelenge hata hakuweza kukanyaga, akabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu. Baba hakuwahi kuitaja safari ile mpaka tunamzika. Babu yako mdogo ukimwuliza leo anasema anakumbuka maziwa tu. Mama ndiye hakusahau. Kila walipokosana na baba, ilimtosha kuuliza, "Na mkokoteni je?" na baba akatoka nje.

Orlando hakuna fisi, najua. Lakini kuna maelfu ya watu wasiomjua Yona, na hakuna kengele za ng'ombe za kufuata. Mtoto aliyechoka hupotea kirahisi kuliko mtoto mtundu. Mtundu unamtazama, aliyechoka anabaki nyuma kimya. Kila Nanenane pale Nzuguni utasikia kipaza sauti kikitangaza mtoto wa shati jekundu, mama yake afike jukwaani. Na fataki zikipigwa saa tatu usiku ya Orlando, Pandambili itakuwa saa kumi alfajiri. Shangazi yako atakuwa anakoroma. Atakayembeba mtoto wa kilo ishirini mpaka kwenye basi ni wewe, na mgongo wako tangu ulipojifungua si ule.

Kwa hiyo nenda na kigari, au kodi hukohuko. Angalia lebo ya uzito: hivyo vya kukodi vya Disney wanashauri mtoto asizidi kama kilo 23, na Yona hayuko mbali na hapo. Ukienda na chako, tangu Mei 2019 hawapokei kilichozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na vile vya kuvuta kama mkokoteni wamevikataza kabisa, kwa hiyo pima kabla hujakibeba. Kwenye mabasi yao ni lazima kukikunja. Jizoeze nyumbani, usije ukapigana nacho mbele ya foleni. Kila mchezo kigari huachwa nje pamoja na vingine, na wafanyakazi hukihamisha wakitaka nafasi, basi funga kipande cha kanga kwenye mpini, ile yenye rangi ya chungwa ya bibi yako, uijue toka mbali. Pochi na pasipoti usiviache humo. Mwandikie Yona namba yako ya simu kwenye mkono, kwa wino usiofutika.

Asubuhi mwache atembee, arukeruke, akimbilie foleni. Binamu yako, muuguzi wa zahanati, ameniambia Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari, iwe kwenye kiti, iwe mgongoni kwa mama. Mgongoni pia, umesikia! Hapo na wenye mbeleko wamo. Yona ameshavuka miaka hiyo, kwake wanasema awe anacheza na kukimbia angalau wastani wa saa nzima kila siku. Huko Disney saa hiyo ataipata kabla ya chai ya saa nne. Kigari ni cha baada ya chakula cha mchana, cha wakati wa jua, na cha usiku mnaporudi. Akitaka kushuka, ashuke. Akitaka kupanda tena, usimwambie kwamba ni mkubwa.

Kinachonitia wasiwasi ni mnaporudi Houston. Huko, umeniambia mwenyewe, hata kununua mkate ni gari. Shule gari, kanisani gari, kwa rafiki wa mtaa wa pili gari, mtoto amefungwa mkanda nyuma na simu mkononi. Hicho nacho ni kigari, Neema, kina injini tu, na anakaa humo mwaka mzima. Wala hakuna mtu kwenye kundi aliyewahi kukicheka. Wanakisifia, wanauliza ni cha mwaka gani. Kama kuna kitu kitakachomlegeza Yona miguu ni hicho, si siku chache za Orlando. Mkirudi, kile cha kusukuma kiweke stoo, halafu mtoto atembee kwenda dukani na wewe kila jioni, hata kama majirani watadhani gari lenu limeharibika. Nilipokuwa karani wa mizani pale sokoni nilikwenda na kurudi kwa miguu mpaka siku niliyostaafu, na mpaka leo namtangulia baba yako kilimani.

Mengine kwa ufupi. Ongea naye Kigogo, hata cha salamu tu. Soda ipunguze. Mumeo asiache kupiga simu kwa wazazi wake Jumapili. Ile pesa ya dawa ya bibi imefika, asante, ila safari hii mtumie yeye mwenyewe moja kwa moja, usipitishie kwa mtu, na usiniulize sababu.

Kundini usijibu kitu. Umeanza kuandika na kufuta, Baraka ameona. Ukijieleza watapata la kuongeza, ukinyamaza watahamia kwenye harusi ya Gairo, ambayo tayari ina kesi yake. Shangazi yako niachie mimi. Jumapili anakuja kuchukua magunia, na hayapimwi mpaka tumezungumza.

Lipia kigari hicho, Neema, umketishe mtoto, na picha mpige. Uitume kundini.

Ni mimi babu yako,
Yona mkubwa