Hakuna wa Kumwambia "Sikupati"

Haya jamaa, leo tuweke kando mambo ya simu mpya na lugha za programu. Nataka tuzungumzie jambo ambalo limenikaa kichwani tangu chuoni: vipi ujumbe unatupwa hewani, unaharibiwa njiani, halafu unafika mzima. Wengi tuliosomea sayansi ya kompyuta tulifundishwa misimbo ya kurekebisha makosa, tukafanya mtihani, tukasahau. Mimi sikusahau, na sababu ni televisheni ya nyumbani kwetu Likoni.

Tuanze na simu. Ukimpigia mtu aliyeko ndani ya feri, neno la kwanza si salamu, ni "Unanipata?" Akijibu "Nakupata", mnaendelea. Akisema "Sikupati, hebu rudia", unarudia. Intaneti nayo hufanya hivyohivyo: kompyuta hupeleka pakiti, hungoja jibu, na jibu lisipokuja hupeleka tena. Ndiyo maana faili unayoipakua hufika kamili hata mtandao ukiwa mbovu. Itachelewa tu.

Matangazo ya redio na televisheni hayana nafasi hiyo. Mnara unasema mara moja kwa watu laki kadhaa, na king'amuzi chako hakina njia ya kuujibu. Na hata kingekuwa nayo, fikiria kila nyumba ya Kisauni, Changamwe na Likoni ikipiga kelele "rudia" kwa wakati wake! Hakuna wa kumwambia "sikupati". Kwa hiyo dawa ya kosa lazima isafirishwe pamoja na ujumbe wenyewe, kabla kosa halijatokea.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili chenyewe kimejengwa hivyo. Chukua sentensi hii: "Vitabu vyangu viwili vikubwa vimepotea." Hesabu ile alama ya ngeli: imekuja mara tano. Mgeni anayejifunza lugha atalalamika kwamba ni kazi ya bure. Lakini sema sentensi hiyo kwenye matatu yenye muziki wa juu, neno la kwanza limezwe kabisa. Msikilizaji bado anajua kwamba waliopotea si watu, wala si miti, na kwamba vitu hivyo ni viwili. Na akisikia "vitabu wangu" anajua papo hapo kuna kilichoharibika. Upatanisho wa kisarufi ni marudio yenye mpango, na marudio yenye mpango ndiyo siri yote ya somo hili.

Claude Shannon alithibitisha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, na kwamba ukipeleka taarifa kwa kasi iliyo chini ya kikomo hicho, inawezekana kupunguza makosa kiasi chochote unachotaka. Hakusema utafanyaje. Miaka 2 baadaye, mwaka 1950, Richard Hamming alichapisha msimbo ambao hata mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuuelewa. Nitaueleza kwa mfano wa askari wa usiku.

Una nyumba 4, kila moja ina taa iliyowashwa (1) au iliyozimwa (0). Unaajiri askari 3. Wa kwanza analinda nyumba ya 1, 2 na 4. Wa pili, ya 1, 3 na 4. Wa tatu, ya 2, 3 na 4. Kila askari ana taa yake mwenyewe, na huiwasha au kuizima ili jumla ya taa zinazowaka katika lindo lake, pamoja na yake, iwe shufwa. Sasa mwizi ageuze taa moja tu. Askari wa kwanza na wa pili wakilalamika na wa tatu akanyamaza, ni nyumba ya 1. Wakilalamika wa kwanza na wa tatu, ni ya 2. Wa pili na wa tatu, ni ya 3. Wote watatu, ni ya 4. Akilalamika mmoja peke yake, nyumba zote ziko salama, taa iliyogeuzwa ni ya askari mwenyewe. Umepeleka biti 7 badala ya 4, lakini kosa moja lolote litajulikana mahali lilipo, na kulirekebisha ni kuligeuza tu.

Televisheni ilihitaji askari wenye nguvu zaidi. Kenya ilipozindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, mfumo ulikuwa DVB-T. Ndani yake mna msimbo uliobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Kila pakiti ya baiti 188 huongezewa baiti 16 za ulinzi, zikawa 204. Baiti zozote 8 zikiharibika, mahali popote, hurekebishwa zote. Ya 9 ikiharibika, basi.

Lakini makosa ya mitaani kwetu hayaji moja moja. Fundi wa kuchomelea milango akianza kazi jirani, au bodaboda yenye plagi mbovu ikipita, kelele huja kwa mkupuo na kufagia baiti nyingi zilizofuatana. Hapo hutumika ujanja wa kutawanya. Kundi la taarab linavuka kwenda harusini Kisauni kwa magari manne. Ukiwapakia wapiga fidla wote gari moja na likaharibika njiani, harusi haina fidla. Ukiwachanganya, kila gari likabeba fidla mmoja, ngoma mmoja na mwimbaji mmoja, gari moja likikwama kila sehemu imepungukiwa mtu mmoja tu na muziki unaendelea. Mnara nao huchanganya baiti za pakiti mbalimbali kabla ya kuzirusha. Mkupuo mmoja wa kelele ukiua baiti nyingi, zinapopangwa upya kila pakiti inakuta imepoteza chache tu, ambazo Reed na Solomon wanazimudu.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Niliandika programu fupi ya Python kuhesabu uwezekano wa pakiti kushindikana. Chukua kituo cha DVB-T kinachorusha megabiti 24 kwa sekunde, yaani kama pakiti 16,000 kila sekunde, na tuseme makosa yametawanyika vizuri. Baiti zinazoharibika zikiwa nusu asilimia, pakiti inayoshindikana ni kama 1 kati ya milioni. Hiyo ni moja kwa dakika, huenda hata usiione. Baiti zikiharibika asilimia 1, inakuwa pakiti 1 kati ya 4,000, yaani 4 kila sekunde: picha inakatika vipande vipande. Zikifika asilimia 5, pakiti kama 7 kati ya 10 zimekufa. Hakuna picha, hakuna sauti. Angalia vizuri hapo. Hali ya hewani imeharibika kidogo tu, lakini mtazamaji ametoka kwenye picha safi hadi giza. Huu ni ukingo wa genge, na ndivyo misimbo mizuri yote ilivyo. Kadiri msimbo unavyokuwa bora, ndivyo genge linavyokuwa wima zaidi.

Ile ya analogi haikuwa na genge. Ilikuwa na mteremko. Ukiwa mbali ulipata chenga, ukiwa mbali zaidi ulipata chenga nyingi, lakini habari uliisikia na mpira uliufuata. Analogi ilipozimwa Mombasa Februari 2015, watu wa ukingoni walipoteza mteremko huo. Waliokuwa na picha mbaya ama walipata picha nzuri sana au hawakupata kitu.

Kwetu Likoni tulikuwa ukingoni. Antena ilikuwa fupi, imeliwa na chumvi ya bahari, na mbele yetu kulikuwa na ghorofa la jirani. Kwa miaka kadhaa lilikuwa jambo la kero tu. Kisha ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na masomo ya KICD yakapitishwa redioni na kwenye televisheni. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, na mdogo wangu alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani wa KCPE. Vifurushi vya intaneti vya kutosha hatukuwa navyo. Alikuwa akikaa mbele ya TV na daftari lake. Mwalimu anaeleza sehemu, anafika kwenye hatua ya kutafuta kigawe, picha inaganda mkono ukiwa ubaoni. Sekunde kumi, ishirini. Ikirudi, jibu limeshaandikwa na mwalimu ameingia swali jingine. Mdogo wangu hakuweza kunyoosha kidole. Alinigeukia mimi: "Kaka, amesemaje?" Nami pia sikuwa nimesikia.

Siku hiyo nilielewa somo ambalo nilikuwa nimelipasi tayari.

Wakati huo Kenya ilikuwa imeshahama kwenye mfumo wa pili, DVB-T2, ambao kiwango chake kilichapishwa mwaka uleule wa 2009. (Waliowahi kununua ving'amuzi vya kwanza wanakumbuka uchungu wake, maana havikuweza kupokea T2.) T2 iliacha Reed-Solomon ikachukua msimbo uitwao LDPC. Kisa chake kizuri: Robert Gallager aliubuni katika tasnifu yake MIT mwaka 1960, lakini kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu za kuutumia, ukasahaulika kwa zaidi ya miaka 30 hadi David MacKay na Radford Neal walipouibua tena katikati ya miaka ya 1990. Ni askari walewale wa Hamming, ila ni maelfu, wanalinda bloku ya biti hadi 64,800, na kila mmoja analinda chache tu. Wanapashana habari: huyu anasema "nashuku ile taa", yule anapunguza au anaongeza shaka, wanazunguka mara kadhaa hadi wanakubaliana. Unakaribia sana kikomo cha Shannon.

Lakini hata T2 haiamui jambo moja: uweke askari wangapi. Hilo anaamua binadamu anayepanga mnara. Kwenye chaneli ya megahezi 8 yenye mpangilio wa 256-QAM, ukitoa nusu ya biti kwa ulinzi unabaki na kama megabiti 30 kwa sekunde. Ukitoa robo tu, unapata kama megabiti 45. Tofauti hiyo ya megabiti 15 ni vituo kadhaa zaidi, na kila kituo ni mteja anayelipa. Ila mpokeaji sasa anahitaji mawimbi yaliyo safi zaidi kwa kama desibeli 6, yaani nguvu kama mara 4. Aliye karibu na mnara haoni tofauti yoyote. Aliye ukingoni anaporomoka.

Yaani kwenye jedwali la mhandisi kuna namba ndogo, 1/2 au 3/4, inaonekana kama suala la hesabu tupu. Kumbe ndani yake kuna swali la nani atahesabiwa kuwa mtazamaji. Na anayeachwa ndiye asiyeweza kulalamika, maana kifaa chake hakina sauti ya kurudi. Mnara haujui kwamba mtoto fulani hakusikia kigawe.

Siandiki haya ili kusema vituo vichache ndiyo haki siku zote. Watu wanataka vituo vingi, na ulinzi usio na mwisho ni kupeleka maneno matupu. Na kuna njia nyingine nzuri kwa vitu visivyohitaji kuonekana papo kwa papo, kama masomo yaliyorekodiwa. Michael Luby alichapisha mwaka 2002 misimbo ya aina ya chemchemi: mnara unamwaga pakiti mfululizo, kila moja ikiwa mchanganyiko tofauti wa faili ileile, na mpokeaji anakinga zozote atakazopata. Ni kama kujaza mtungi mferejini. Ukijaa umejaa, hakuna anayeuliza tone la tatu liko wapi. Aliye karibu hujaza upesi, wa ukingoni hujaza polepole, lakini wote hujaza. Mteremko umerudi! Teknolojia hiyo iliingia kwenye viwango vya utangazaji kwa simu tangu miaka ya 2000, lakini televisheni ya mkononi yenyewe haikushika. Hesabu ipo, haijafa.

Kwa wenzangu waandika programu, nabaki na tabia moja tu ninayoipendekeza. Kabla ya kupanga mfumo wowote, iwe ni wa televisheni, ujumbe wa kliniki au bei za soko la Kongowea, jiulize ni nani ndani yake hawezi kusema "sikupati". Tafuta huyo kwanza, ndipo upange namba. Ripoti za makosa zitakuja kutoka kwa wenye mtandao mzuri, kwa sababu ndio wenye njia ya kuzituma. Kimya cha wengine usikihesabu kuwa ni "nakupata".

Siku nyingine nitaweka ile programu ya Python hapa, ni mistari isiyozidi ishirini. Kaeni salama.